Wanaitikia leo, kesho wanapiga dawa kifua wazi: je, wakulima hawaelewi?

Swali: Mimi ni afisa ugani katika kata inayolima nyanya mkoani Iringa. Msimu uliopita niliendesha mafunzo matatu kuhusu hatari za viuatilifu. Watu wanakuja, wanaitikia, wanasaini karatasi ya mahudhurio. Kesho yake namkuta mtu yuleyule kabeba pampu mgongoni, kifua wazi. Lakini haohao wakisikia habari za mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, au chanjo mpya, wanakuwa wakali na woga wao hauna kiasi. Nimesikia wapo wataalamu wa sayansi ya jamii wanaotafiti namna watu wanavyoichukulia sayansi na hatari zake. Wanasemaje? Tatizo ni elimu ndogo?

Jibu: Ndugu yangu, elimu ndogo imo katika tatizo lako, lakini sehemu yake ni ndogo kuliko tulivyoaminishwa vyuoni. Nasema hivyo nikiwa nami nimewahi kusimama mbele ya watu na karatasi ya mahudhurio kama wewe, nikarudi nyumbani nikijiuliza kwa nini hawasikii. Niruhusu nikutoe kwanza kwenye nyanya, nikupeleke kwa wafugaji wa kondoo wa Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Huko mwanasosholojia Brian Wynne wa Chuo Kikuu cha Lancaster alifanya utafiti ambao, kwa maoni yangu, unalijibu swali lako vizuri kuliko mwingine wowote.

Usiku wa kuamkia 26 Aprili 1986, kinu namba 4 cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka. Upepo ukabeba vumbi la mionzi kuvuka Ulaya, na mwanzoni mwa Mei vumbi hilo likakutana na mvua kubwa juu ya milima ya Cumbria, Wales Kaskazini na kusini-magharibi mwa Uskoti. Mvua ikateremsha siziamu, aina ya metali yenye mionzi, kwenye majani, kondoo wakayala. Serikali ilianza kwa kuwatuliza wananchi kwamba hakuna hatari. Kisha tarehe 20 Juni waziri wa kilimo akapiga marufuku kuhamisha na kuchinja kondoo katika maeneo yaliyoguswa, akasema ni kwa wiki tatu tu. Julai ilipofika mwisho, wiki tatu hizo zilikuwa zimegeuka marufuku isiyotajwa mwisho wake.

Ahadi ile haikutolewa hewani. Ilijengwa juu ya vipimo halali kabisa: kwenye udongo wa mfinyanzi, siziamu hunaswa na chembe za udongo na mizizi haiipati tena, na ile iliyokwisha kuingia mwilini mwa kondoo hutoka kwa mkojo na kinyesi katika muda wa wiki kadhaa. Sasa, udongo wa milima ya Cumbria si mfinyanzi. Ni mboji nyeusi yenye tindikali, inayoshika maji kama sifongo. Ndani yake siziamu hainaswi. Mzizi unaivuta, kondoo anaila, anaitoa kwenye kinyesi, mzizi unaivuta tena, na siziamu-137 huchukua miaka 30 hivi kupungua nusu. Masharti yale ya wiki tatu yalifutwa kabisa tarehe 1 Juni 2012, miaka 26 baadaye. Mwishoni kabisa bado kulikuwa na mashamba zaidi ya 300 yaliyofungwa nayo, mengi yake Wales.

Hesabu ilikuwa sahihi, ila ilikuwa hesabu ya mahali pengine.

Nakuomba ukae kidogo na jambo hili, maana wafugaji wale nao walikaa nalo. Wao walikuwa na wanakondoo waliozaliwa majira ya kuchipua, wanaopaswa kuuzwa mwisho wa kiangazi, na fedha ya mauzo hayo ndiyo fedha ya mwaka mzima. Malisho ya bondeni ni kidogo na yanatunzwa kwa ajili ya majira ya baridi. Mifugo isipouzwa kwa wakati, itayamaliza majani yale ndani ya siku chache, na kundi zima litaingia kwenye theluji halina akiba. Ushauri waliopewa na wataalamu ukawa: waacheni wanakondoo bondeni wasipande mlimani kwenye mionzi mingi. Mwingine akashauri wapewe mabua ya ngano wale badala ya majani. Mfugaji mmoja aliwaambia watafiti kwamba hajawahi kusikia kondoo hata wa kuyatazama mabua kama chakula. Hebu fikiria mtu aliyerithi kundi kutoka kwa babu yake akiambiwa hivyo na mgeni aliyekuja na gari la wizara.

Kisha wataalamu wakaja na jaribio. Walitaka kumwaga bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, juu ya malisho ili inase siziamu. Wakagawa eneo vipande vipande kwa uzio, kila kipande na kiasi chake cha bentonaiti, kondoo wakafungiwa humo ili vipimo vilinganishwe. Kwa mtu wa maabara ni jaribio zuri. Wafugaji wakasema mapema kwamba kondoo wa milima hii hawafungiwi. Kila kundi linaujua mlima wake bila uzio, mama humfundisha mwanawe mipaka, na ukiwabana kwenye kipande kidogo watadhoofu, vipimo vyenu vitakuwa vya kondoo wagonjwa. Hakuna aliyewasikiliza. Jaribio liliachwa baadaye, kimyakimya, kwa sababu zilezile walizozitaja.

Na kulikuwa na siku za kupima. Kiwango kiliwekwa bekereli 1,000, kipimo cha mionzi, kwa kilo ya nyama. Kondoo anashikwa, kifaa kinawekwa mwilini mwake, naye anafurukuta, namba inapanda na kushuka. Aliyezidi kiwango alipakwa rangi, akawa hachinjwi mpaka rangi yake iruhusiwe. Mfugaji mmoja alisimulia kwamba siku moja kondoo 13 au 14 walizidi kiwango. Mpimaji akasema tuwapime tena, na safari ya pili wakabaki watatu. Mfugaji yule alikuwa amesimama pale pale akitazama. Mpaka siku hiyo alikuwa akisikia kwenye redio kwamba sayansi inajua kwa uhakika. Sasa ameiona ikifanyika, na akaona kwamba nayo ni kazi ya mikono kama kazi yake, ina kubahatisha na ina kurudia. Hilo peke yake halina aibu. Kilichomuuma ni kwamba wataalamu walizungumza kana kwamba halipo.

Chini ya milima hiyo, ufukweni, kuna kiwanda cha nyuklia cha Sellafield. Zamani kiliitwa Windscale, na Oktoba 1957 kinu chake kimoja kiliwaka moto, maziwa ya eneo la kilomita za mraba kama 500 yakamwagwa. Ripoti kamili ya moto ule ilifichwa miaka 30, ikatolewa Januari 1988, wafugaji wakiwa bado wamefungiwa kondoo wao. Kwa hiyo waliposikia kwamba mionzi yote imetoka Chernobyl, waliuliza: mbona inayokaidi kuondoka iko hapa jirani na Sellafield? Wataalamu wakajibu kwamba siziamu ya Chernobyl ina alama yake, uwiano wa aina zake mbili, siziamu-137 na siziamu-134, na kwamba suala limekwisha. Baadaye, Wynne anaeleza, ikakubalika kuwa nusu hivi tu ya siziamu iliyopimwa ilikuwa ya Chernobyl. Iliyobaki ilitoka kwingine, yakiwemo majaribio ya mabomu ya nyuklia na moto ule wa 1957. Wafugaji hawakuwa sahihi kwa kila walichodhani, lakini swali lao lilikuwa swali halali, na walijibiwa kama wajinga.

Wynne mwenyewe alianzia kwenye sayansi ya maabara, Cambridge, kabla ya kuingia sosholojia, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuichukia sayansi. Alichokiandika kuhusu Cumbria mwaka 1989, na tena mwaka 1992, kilipinga fikra iliyotawala wakati ule. Mwaka 1985 kamati ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, iliyoongozwa na Walter Bodmer ilikuwa imesema umma unapaswa kuielewa sayansi zaidi, na wengi wakachukulia kwamba mtu anayekataa ushauri wa kitaalamu ana pengo kichwani: lijaze pengo, atakubali. Wanasayansi ya jamii huiita hii dhana ya upungufu. Wynne akaonyesha kwamba wafugaji walikuwa wakifanya jambo lenye akili. Hawakuwa na njia ya kupima siziamu wenyewe, lakini walikuwa na njia ya kumpima anayewaambia habari za siziamu. Je, anazijua kazi zetu? Anakiri anapokosea? Jana alisemaje? Analindwa na nani? Watu hawaipimi hatari peke yake; wanaipima pamoja na aliyeileta habari yake.

Ukitaka kuona upande wa pili wa jambo hilohilo, Wynne aliwachunguza pia vijana waliokuwa wakijifunza kazi ndani ya Sellafield. Hawa walikuwa na mabango ya mionzi kila ukuta na wakufunzi wa kuwauliza, lakini wengi hawakujishughulisha kujifunza sayansi yake. Ukiwauliza, walisema wapo watu wa kazi hiyo hapa, tunawaamini. Kuanza kudadisi kungekuwa kama kusema hatuwaamini wenzetu. Walioamini hawakuhitaji kujua, na walioacha kuamini hawakutosheka na kuambiwa.

Sasa turudi kwenye nyanya zako, kupitia mfano mmoja mwingine wa Wynne ambao ni ndugu kabisa wa tatizo lako. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, chama cha wafanyakazi wa mashamba wa Uingereza kilidai dawa ya kuua magugu iitwayo 2,4,5-T ipigwe marufuku, kwa sababu wanachama wake walikuwa wakiumwa. Kamati ya ushauri ya serikali ikapitia utafiti wa maabara ikajibu kwamba dawa ni salama ikitengenezwa na kutumiwa inavyotakiwa. Wafanyakazi wakauliza ni wapi inatumiwa inavyotakiwa. Mavazi ya kinga hayapo, maelekezo yamebanduka kwenye pipa, msimamizi anataka kazi iishe kabla ya mvua. Kamati ilijua kemia. Wafanyakazi walijua shamba. Neno moja, "inavyotakiwa", lilikuwa limebeba dhana nzima kuhusu maisha ya watu wengine, na hakuna mjumbe wa kamati aliyeipima dhana hiyo.

Niliwahi kusimama na kijana anayepiga dawa kwa malipo ya kila pampu, shamba la nyanya, saa tano asubuhi, jua limekwisha kukaza. Dawa alipewa kwenye chupa ya maji ya kunywa, imemiminwa dukani kutoka kwenye chombo kikubwa, haina lebo. Kipimo chake ni kizibo: vizibo viwili kwa pampu. Akavua shati, akalitundika kwenye mti wa kuegemezea nyanya, akabeba pampu. Nikamuuliza kwa nini amevua. Hakunishangaa, akageuka anionyeshe. Pampu ilikuwa ikivuja kwenye mfuniko. Kila akipiga mkono, tone linashuka mgongoni. Akasema shati likilowa dawa linaganda mwilini mpaka jioni, linawasha, na usiku hapati usingizi. Mgongo mtupu anausafisha mferejini akimaliza.

Usinielewe vibaya. Ngozi tupu hunyonya sumu, na kijana yule alikuwa akiumia. Lakini nguo iliyolowa kiuatilifu nayo huibana sumu kwenye ngozi, na kila mwongozo wa usalama husema ivuliwe mara moja. Yeye alikuwa ameufikia ukweli huo kwa mgongo wake. Hatari aliijua. Mafunzo yako matatu na yangu yote yalimwambia avae. Hakuna hata moja lililouliza kuhusu mfuniko wa pampu. Mpira wa kuzuia kuvuja ni kitu cha kununua kwa fundi na kubadilisha kwa dakika chache.

Hapo ndipo ningependa uanzie.

Kuhusu GMO na chanjo, ambako unaona woga mkubwa, kuna kundi jingine la watafiti la kukusaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Eugene, Oregon, Marekani, Baruch Fischhoff, Paul Slovic, Sarah Lichtenstein na wenzao waliwapa watu wa kawaida na wataalamu orodha ya shughuli na teknolojia 30 wazipange kwa hatari. Wanawake wa chama kimoja cha kiraia na wanafunzi wa chuo waliweka umeme wa nyuklia nambari 1. Wataalamu waliuweka nambari 20, na juu kabisa wakaweka magari. Ukiishia hapo utasema: unaona, raia hawajui. Lakini watafiti waliwauliza raia swali la ziada: kwa mwaka wa kawaida, kila kimoja kinaua watu wangapi? Kwa nyuklia, raia walitaja vifo vichache, vichache sana kuliko vya magari. Hesabu walikuwa nayo. Walipoulizwa "hatari", walikuwa wakijibu jambo pana kuliko idadi ya vifo: je, naweza kuikataa? Naiona? Nani anaidhibiti? Ikiharibika, itaharibika kwa wangapi na kwa vizazi vingapi? Wataalamu walipoulizwa "hatari" walijibu kwa vifo vya mwaka. Neno moja, maswali mawili.

Maswali hayo ukiyaleta kwetu, yanaangaza mambo mengi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, zaidi huko Makueni na Kitui, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi iliwapata watu 317, na 125 wakafa. Mengi ya mahindi yale yalitoka kwenye maghala ya nyumbani kwao. Mwaka 2012 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, marufuku ambayo baraza la mawaziri liliiondoa Oktoba 2022. Mtu wa takwimu huziweka habari hizi mbili sambamba akacheka. Mimi sicheki. Mahindi ya ghalani nimeyalima mimi, nimeyapukuchua mimi, ukungu ni jambo la tangu enzi za bibi, na nikitaka naweza kuyaanika tena. Mbegu ya GMO imetoka kwa kampuni nisiyoijua, imeamuliwa na watu wasioniuliza, na sijui nikiikubali leo kama kesho nitakuwa bado na mbegu yangu. Sumukuvu inaua kweli na lazima tuipigie kelele zaidi tunavyofanya. Ila woga wa GMO mara nyingi ni swali kuhusu umiliki na maamuzi, na ukilijibu kwa kusema "haina madhara mwilini" umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Vivyo hivyo hofu za sindano na damu. Wazee wetu walikuwa na habari za mumiani tangu enzi za ukoloni, watu wanyonya damu waliosemekana kutumwa na wakubwa. Nairobi na Kampala zikaitwa habari za wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alizikusanya, naye hakuzishughulikia kama upuuzi wa kusahihishwa. Alisikiliza zinasema nini kuhusu nani anachukua nini kutoka kwa nani. Ukikuta hofu ya chanjo kijijini, kabla ya kutoa takwimu uliza ni nani alikuja hapo mwaka wa nyuma, alichukua nini, na aliahidi kurudi lini. Mara nyingi utakuta kuna mtafiti aliyetoa damu za watoto na majibu hayakurudi.

Usije ukachukua haya kwamba mwananchi hakosei. Anakosea, na makosa mengine yanaua. Mzazi anayemnyima mtoto chanjo ya surua anamweka kwenye hatari halisi, na sitakuwa na haya kumwambia hivyo. Ninachokataa ni ile tabia ya kuanza na hukumu kwamba hajui, ukaacha kujiuliza wewe hujui nini. Na mamlaka zinazotuliza watu kupita zinavyojua hujivunjia heshima kwa muda mrefu. Mei 1990, katikati ya hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, waziri wa kilimo wa Uingereza John Gummer alisimama mbele ya kamera akampa binti yake mdogo kipande cha mkate chenye nyama ya ng'ombe kuonyesha ni salama. Tarehe 20 Machi 1996 serikali hiyohiyo ikatangaza kwamba ugonjwa wa binadamu uliokuwa ukiua vijana huenda umetokana na ng'ombe hao. Miaka michache baadaye Waingereza walipoambiwa vyakula vya GMO ni salama, wengi walikumbuka kile kipande cha mkate.

Kwa hiyo, bwana shamba, msimu huu usianze na mafunzo ya nne. Nenda shambani saa wanayopiga dawa, bila karatasi ya mahudhurio. Shika pampu, jaza maji matupu, izungushe mistari minne mgongoni mwako uone inavuja wapi. Uliza dawa inanunuliwa kwenye chupa gani na nani anapima. Uliza anayepiga ni mwenye shamba au kibarua, maana kibarua hawezi kusubiri jioni jua lipoe kama analipwa kwa pampu. Hapo wa kuzungumza naye ni mwenye shamba. Pita na kwa mwenye duka la pembejeo. Ukishajua hayo ndipo uitishe kikao, na kianze na wao kueleza, wewe ukiandika. Kuna watakaokuuliza jambo usilolijua, kwa mfano dawa mbili zikichanganywa pampu moja inakuwaje. Sema hujui, taja siku utakayorudi na jibu, na urudi siku hiyo hata kama jibu bado hujalipata.

Ukishakaa na vijana wako na ukahesabu pampu zinazovuja katika kata yako, niandikie ni ngapi.